Mafuta ya Breki Yanakwenda Wapi?

Mwezi uliopita tuliahidi kuendelea na habari za chakula cha mtoto anayeachishwa ziwa. Tunaomba radhi, hiyo tutaileta mwezi ujao. Mwezi huu tuna jambo ambalo hatuwezi kulikalia kimya, nalo ni habari za breki za gari na mipira yake. Tafadhali usifunue ukurasa mwingine, wala usimpelekee baba asome peke yake. Asome, lakini nawe usome. Wanaopanda magari yale makuukuu kwenda kliniki, sokoni, msibani na kwenye mikutano ya kanisa, wakiwa na watoto mapajani, ni sisi.

Wengi wenu mnajua kwamba kazi yetu ni uuguzi, na kwamba kila mwezi tunatoka na kliniki ya mkoba. Tunapanda vijiji vya juu katika milima ya Usambara tukiwa na sanduku baridi la chanjo, mizani ya kuning'inizia watoto, kadi na dawa za minyoo. Gari letu ni Land Rover 109 ya miaka ya 1970, lile refu lenye mabenchi ya kutazamana kwa nyuma. Hiyo 109 ni urefu kwa inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ekseli ya nyuma. Gari hili ni kubwa kwa umri kuliko sisi tunaolipanda. Limepita kwenye matope ambayo magari mapya yaliyakimbia, nasi tulikuwa tunalisifu kama bibi mwenye nguvu ambaye bado anakwenda shamba.

Siku moja mwezi wa Mei mwaka 2022, masika yakielekea ukingoni, tulikuwa tunarudi jioni. Katika kliniki tulimpima mama mmoja mwenye mimba ya miezi minane, tukakuta shinikizo la damu limepanda na miguu imevimba. Huyo si wa kuachwa kijijini. Tukampandisha garini pamoja na mama mkwe wake, kifurushi cha khanga na chupa ya chai.

Barabara ya kutoka Soni kuteremka Mombo ni ya lami, lakini imejikunja ubavuni mwa mlima. Upande mmoja ni mwamba, upande wa pili ni bonde. Kwenye kona moja tulimwona dereva wetu akikanyaga breki, na goti lake likashuka zaidi ya kawaida. Pedeli ilikuwa imezama mpaka sakafuni, kama mguu uliokanyaga tope. Mzee wa watu hakupiga kelele. Alikanyaga tena na tena, haraka haraka, akaingiza gia ya tatu, kisha ya pili. Injini ikalia kwa nguvu na gari likaanza kushikwa. Akalielekeza kwenye mtaro wa upande wa mlima, matairi yakasugua ukingo, tukasimama.

Mama mkwe akauliza, "Tumefika?"

Hatukuwa na jibu. Mikono yetu ilikuwa bado imeshika benchi.

Wiki tatu za kuongeza

Dereva alishuka, akachuchumaa karibu na tairi la nyuma. Aliporudi alituambia, akiwa ameinamisha kichwa, "Sista, nimekuwa nikiongeza mafuta ya breki kila asubuhi kwa wiki tatu. Niliripoti. Niliambiwa nisubiri fedha."

Tulikasirika. Lakini mama mpendwa, hasira yetu haikukaa muda mrefu, maana dhamiri ilitugusa. Sisi wenyewe, wiki ile ile, tuliona unyevu unaong'aa upande wa ndani wa tairi wakati tunapakia sanduku la chanjo. Tulijiambia ni maji ya dimbwi. Siku ile haikuwa na mvua. Tulinyamaza kwa sababu tulizoea kwamba habari za gari ni za wanaume, na mwanamke akiuliza ataonekana anajifanya fundi.

Hebu fikiri. Mgonjwa wodini akiongezewa damu chupa moja kila asubuhi kwa wiki tatu, kuna muuguzi asiyeuliza damu hiyo inakwenda wapi? Tungemgeuza, tungemkagua, tungemwita daktari usiku wa manane. Mafuta ya breki hayatumiki kama petroli. Hayaungui wala hayaishi kwa safari. Yamefungiwa ndani ya mabomba yake na hutakiwa kubaki humo. Breki zinapolika, kiasi chake katika kikombe hushuka kidogo kidogo kwa miezi mingi. Lakini yakihitaji kuongezwa kila siku, yanavuja mahali, na anayeongeza bila kutafuta mahali hapo anaahirisha ajali tu.

Ndilo neno letu la mwezi huu. Usiridhike kusikia, "Tumeongeza." Uliza, "Yanakwenda wapi?"

Breki inavyofanya kazi

Muuguzi hapati shida kuelewa breki. Chini ya boneti, mbele ya dereva, kuna pampu ndogo ambayo mafundi huiita masta silinda. Huo ndio moyo. Juu yake kuna kikombe cha mafuta. Dereva akikanyaga pedeli, pampu husukuma mafuta kupitia mabomba membamba ya chuma mpaka kwenye magurudumu. Hiyo ndiyo mishipa. Ndani ya gurudumu kuna silinda nyingine ndogo, ambayo hutanuka na kusukuma vipande viwili vyenye umbo la mwezi mchanga, vinavyoitwa viatu vya breki. Viatu hivyo hukandamiza kwa ndani dramu, yaani lile sufuria la chuma linalozunguka pamoja na gurudumu, na gari husimama.

Sasa angalia. Gurudumu hupanda na kushuka kwenye mashimo, na yale ya mbele hugeuka kulia na kushoto. Bomba la chuma haliwezi kupindapinda hivyo, lingekatika. Kwa hiyo mahali hapo huwekwa mpira wa breki, wenye nyuzi imara ndani yake. Land Rover za aina yetu zina mipira mitatu: mmoja kwa kila gurudumu la mbele, na mmoja wa kati unaopeleka mafuta kwenye ekseli ya nyuma. Mipira mitatu tu, mifupi kuliko mkono wa mtu mzima. Juu ya hiyo tulikuwa tumeweka roho za watu tisa.

Katika magari mengi ya zamani kama letu, mfumo wote ni njia moja. Ukivuja mahali pamoja, magurudumu yote manne yanapoteza nguvu. Magari ya baadaye yamegawanywa njia mbili, ili moja ikikatika nyingine ibaki. Ukipanda gari la zamani, jua kwamba halina huruma hiyo.

Fundi alichokuta

Tulivutwa mpaka Mombo, na yule mama mjamzito akaendelea na safari kwa gari jingine. Tutarudi kwake. Siku ya tatu alikuja fundi mmoja mtu mzima, wa maneno machache. Tulimwomba aturuhusu tukae tuangalie. Alicheka, akatuletea kigoda.

Kwanza aliweka mawe mbele na nyuma ya matairi, akapandisha gari kwa jeki, kisha akaliegemeza kwenye vigingi vya chuma. Alisema jeki peke yake si ya kuaminiwa na mtu anayeingia chini ya gari. Kisha akaanza kutuonyesha.

Mpira wa nyuma ulikuwa umepasuka nyufa nyufa kama kisigino kisichopakwa mafuta. Alipoukunja kidogo, tone likatoka.

Mpira mmoja wa mbele ulionekana mzima kwa nje, lakini ndani ulikuwa umevimba. Hapo tulijifunza jambo. Mpira uliovimba ndani huruhusu mafuta kwenda wakati dereva anakanyaga kwa nguvu, lakini unayazuia kurudi. Breki hubaki imeshika, gurudumu hupata moto, na gari huvutia upande mmoja. Tukakumbuka harufu ya kuungua tuliyokuwa tukiisikia kila tulipofika chini ya mlima. Tulikuwa tukisema ni mkaa wa watu.

Silinda ndogo ya gurudumu la nyuma kushoto ilikuwa inavuja pia, na viatu vyake vimelowa mafuta. Tuliuliza kama haviwezi kuoshwa kwa petroli. Fundi akatikisa kichwa. Kiatu kikishanyonya mafuta hakirudii hali yake. Hubadilishwa, na hubadilishwa pande zote mbili za ekseli ile ile, la sivyo gari litashika upande mmoja na kuteleza.

Lililotushtua zaidi lilikuwa kwenye kikombe. Mafuta yalikuwa meusi na mazito. Dereva alikumbuka kwamba safari moja aliishiwa njiani, akauziwa kwenye kibanda mafuta yaliyotiwa katika chupa ya maji ya kunywa. Hayakuwa ya breki. Mafuta ya injini, au mafuta yoyote ya jamii ile, yakiingia katika breki za kawaida huvimbisha mipira midogo ya ndani, ile sili inayozuia mafuta yasivuje. Ikishavimba haiponi. Kila sili iliyoguswa lazima itolewe, na mabomba yote yasafishwe.

Sisi wauguzi tunafundishwa toka mwaka wa kwanza: dawa isiyo na lebo haitolewi. Kumbe sheria ni ile ile gereji.

Vitenge na spea

Spea zilipatikana Dar es Salaam, lakini fedha hazikuwapo. Ofisi ilisema mpaka robo ya mwaka ijayo. Wakati huo umoja wetu wa kinamama ulikuwa umechanga fedha za kushona sare za vitenge kwa ajili ya mkutano wa mwaka. Rangi ilikwisha chaguliwa na fundi cherehani alikwisha pima.

Hatutawaficha, kikao kilikuwa kigumu. Wengine walisema gari ni la ofisi na ofisi ilitengeneze. Walikuwa na haki. Wengine walisema tukianza kulipa, tutalipa daima. Nao walikuwa na haki. Ndipo bibi mmoja, ambaye kwa kawaida hulala kikaoni, akasema, "Kliniki ikikosa gari, ni watoto wa nani watakaokosa chanjo? Mimi kitenge changu cha mwaka juzi hakijachakaa."

Tulikubaliana kutoa nusu ya gharama, kwa masharti mawili yaliyoandikwa. Ofisi itoe nusu ya pili mwezi ule ule. Na tangu siku hiyo, dereva akisema breki si nzuri, gari lisitoke, wala asiulizwe mara mbili. Sharti la pili ndilo lililotuchukua muda mrefu zaidi, nasi tunaliona lina thamani kuliko fedha tulizotoa.

Kutoa upepo

Spea zilipofika, fundi alikunja kila mpira mpya na kuukagua kabla ya kuufunga. Mpira huzeeka hata ukiwa dukani katika boksi lake. Ukionyesha nyufa unapokunjwa, rudisha. Kwenye maungio yanayotumia pete za shaba aliweka pete mpya, kwa sababu ya zamani imekwisha bonyea na haitaziba vizuri. Alihakikisha mpira haukusokotwa wakati wa kukaza. Kisha akageuza usukani mpaka mwisho wa kulia na mwisho wa kushoto, kuona kama mpira unagusa tairi au chuma.

Alipofungua bomba, hewa iliingia. Mafuta hayabonyei, ndiyo maana nguvu ya mguu hufika gurudumuni. Hewa hubonyea. Povu kidogo likibaki ndani, pedeli huwa laini kama sifongo. Kwa hiyo ni lazima hewa itolewe, na mafundi huita kutoa upepo.

Fundi aliuliza kama tuna kampira kembamba kanakoonyesha ndani. Tulikuwa na seti ya dripu iliyopita muda wake, safi, haijatumika. Akachomeka ncha moja kwenye kinipo kilicho nyuma ya gurudumu, ncha ya pili akaizamisha katika chupa ya jamu yenye mafuta ya breki. Akaanza na gurudumu lililo mbali zaidi na pampu, yaani nyuma kushoto, kwa sababu usukani wetu uko kulia. Dereva alikuwa amekwenda kuchota maji, basi tukapanda sisi kwenye kiti chake.

"Kanyaga." Tukakanyaga. Akalegeza kinipo, mafuta na mapovu yakapita katika kampira. "Shikilia hapo." Akafunga. "Achia." Tukaachia. Kisha tena.

Sharti ni kufunga kinipo kabla mguu haujaachia, la sivyo hewa inarudi. Na mtu mmoja aangalie kikombe kisikauke, maana kikikauka kazi inaanza upya. Mama, tumetoa hewa kwenye dripu maelfu ya mara kabla ya kumchoma mgonjwa sindano. Siku ile tuliyatazama mapovu yale yale yakipungua, mpaka mafuta yakaja safi. Pedeli ikawa ngumu chini ya mguu wetu. Tulifurahi kama tumesikia mtoto analia chumba cha uzazi.

Mafuta yaliyotoka fundi hakuyarudisha kikombeni. Yana hewa na uchafu. Tena mafuta ya kawaida ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani. Mafuta ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi joto 230, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho kinaweza kushuka mpaka karibu na 155. Kwenye mteremko mrefu breki hupata moto mkali. Mafuta yaliyozeeka yanaweza kuchemka, yakatoa mvuke, na pedeli ikazama hata kama hakuna kinachovuja. Ndiyo sababu hushauriwa yabadilishwe yote kila baada ya miaka miwili hivi, na chupa iliyofunguliwa siku nyingi isitumike.

Kazi ilimalizika kwa majaribio mahali tambarare, polepole, kabla ya kuonja mlima.

Hatari zinazokuja mpaka nyumbani

Yako mambo mawili ya afya tunayotaka uyashike hasa.

La kwanza ni vumbi. Viatu vya breki vya zamani vingi vilitengenezwa kwa asbesto. Nyuzi zake zikivutwa huweza kuleta saratani ya mapafu na ya utando wa kifua, baada ya miaka mingi. Uingereza, nchi lilikotoka gari letu, ilikamilisha marufuku ya asbesto mwaka 1999, lakini magari ya zamani bado yapo na spea za zamani bado zinauzwa. Vumbi la breki lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu ya upepo. Lifutwe kwa kitambaa kilicholowa, na kitambaa kitupwe ndani ya mfuko uliofungwa. Ikiwa mume wako au kijana wako ni fundi, ovaroli lake usilikung'ute. Wapo wake za wafanyakazi wa asbesto, katika nchi mbalimbali, waliopata saratani kwa kufua nguo za waume zao tu. Liloweke kwanza, ulifue mbali na nguo za watoto.

La pili ni sumu. Mafuta ya breki ni sumu yakinywewa, na mengine yana rangi inayofanana na soda au chai. Yasiwekwe kamwe katika chupa ya soda au ya maji. Fundi asiyavute kwa mdomo. Mtoto akiyanywa, usimtapishe. Mkimbize hospitali pamoja na chupa yenyewe. Yakimwagika kwenye ngozi, osha kwa maji na sabuni.

Unachoweza kuangalia bila spana

Kutengeneza breki ni kazi ya fundi, na hatukusudii ukafungue nati. Lakini kuangalia na kuuliza hakuhitaji cheti. Kabla ya safari ya mlima, fanya au omba yafanyike haya:

1. Dereva akanyage breki kwa nguvu gari likiwa limesimama, ashikilie kwa dakika moja. Pedeli ikizama polepole, kuna tatizo. Ikiwa laini kama sifongo, kuna hewa.

2. Inama uangalie upande wa ndani wa kila tairi, na ardhi mahali gari lilipolala. Unyevu wa mafuta si wa kupuuzwa.

3. Uliza kikombe cha mafuta ya breki kiliongezwa lini, na kwa nini.

4. Mwendoni, sikiliza kama gari linavuta upande mmoja kila breki ikishikwa. Mwisho wa safari, nusa. Gurudumu moja likiwa na joto kuliko mengine, breki yake haiachii.

5. Uliza kama kuna gurudumu lililofungwa. Wako mafundi ambao bomba likivuja huliponda au huliziba kwa boliti, gari likaendelea na breki tatu. Wengine hufunga mpira wa breki kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Nguvu ya mafuta mle ndani ni makumi ya mara kuliko upepo wa tairi. Tyubu haiwezi kuizuia. Gari la namna hiyo usilipande.

6. Waangalie pia mipira ya rejeta. Injini ikichemka na kuzimika mlimani, dereva hupoteza msaada wa injini katika kulishika gari.

Na ukiwa njiani, mkataze dereva kuzima injini au kuweka gia huru kwenye mteremko ili kubana mafuta. Tunajua wengi hufanya hivyo. Injini iliyo katika gia ndogo hulishika gari, na breki hupumzika. Dereva wetu alituokoa kwa gia ya pili, si kwa breki ya mkono. Katika Land Rover kama yetu breki ya mkono hushika nyuma ya gia boksi, si magurudumuni, nayo ni ya kuegeshea gari lililosimama. Ikivutwa ghafla mwendoni inaweza kuvunja vyuma.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao milioni 1.19 walikufa katika ajali za barabarani duniani, na kwamba ajali hizo ndizo zilizoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Tunawakinga watoto wetu na surua na pepopunda. Tusiwachanje asubuhi, jioni tukawapandisha gari ambalo hatukuuliza habari zake.

Daftari

Yule mama mjamzito alifika hospitali salama. Alitibiwa, akajifungua mtoto wa kike, na mwezi uliofuata mama mkwe alituletea ndizi kliniki. Alipoliona gari alisita kidogo, kisha akalizunguka lote, akiinama kila tairi. Hakusema neno. Hakuna aliyemcheka.

Wodini tuna chati ambayo tunaandika maji yanayoingia mwilini mwa mgonjwa na yanayotoka. Tulimpa dereva wetu daftari dogo tukamchorea mistari kama ile: tarehe, mafuta ya breki yaliyoongezwa, sababu, fundi aliyeona. Analiweka juu ya dashibodi pamoja na kadi ya gari. Kila tunapopanda tunalifungua kwanza. Mara ya mwisho tulipolitazama, kurasa zilikuwa na tarehe nyingi, na kwenye safu ya mafuta yaliyoongezwa, mstari baada ya mstari, alikuwa ameandika: hakuna.

Mama mpendwa, ukiwa na swali kuhusu ukurasa huu, tuandikie kama kawaida. Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutarudi kwenye uji wa mtoto. Hadi wakati huo, safiri salama, na usione haya kuinama.